Shule ya Mwaka 2040: Picha Nne na Swali la Mwalimu

Mwaka 2020 Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, lilitoa ripoti iliyochora picha nne za jinsi shule zinavyoweza kuwa ifikapo karibu mwaka 2040. Katika picha ya kwanza shule inaendelea kama ilivyo, ila inapanuka: watoto wengi zaidi wanasoma kwa miaka mingi zaidi, na cheti kinabaki kuwa mlango wa ajira. Katika ya pili serikali inalegeza mkono, na kazi ya kufundisha inachukuliwa na wazazi, kampuni, walimu wa kulipwa nyumbani na huduma za mtandaoni. Katika ya tatu shule inabaki, lakini inakuwa kituo cha jamii nzima, ambamo fundi, mkulima, muuguzi na mzee wa mtaa wana nafasi ya kufundisha na ya kujifunza. Katika ya nne shule yenyewe inatoweka. Mtu anajifunza popote alipo, saa yoyote, akiongozwa na mashine zenye akili mnemba.

Picha za namna hii hazichorwi ili kutabiri. Huchorwa ili wanaopanga elimu waone kwamba shule waliyoizoea ilibuniwa na watu, na kwa hiyo watu wanaweza kuibuni upya. Mwaka 2021 tume ya UNESCO iliyoongozwa na Sahle-Work Zewde, aliyekuwa Rais wa Ethiopia wakati huo, iliuliza maswali matatu yaliyo mepesi kuyatamka na magumu kuyajibu: kipi kiendelee, kipi kiachwe, na kipi kibuniwe upya kabisa.

OECD ilikuwa imefanya zoezi kama hilo mwaka 2001, na wakati ule picha zilikuwa sita. Mojawapo ilitisha: walimu wanaacha kazi kwa wingi, nafasi zao hazijazwi, na mfumo mzima unaporomoka. Mwaka 2020 hofu hiyo haikutengewa picha yake. Kwa Afrika ilistahili kubaki, tena ikiwa mbele. UNESCO inakadiria kwamba ili kila mtoto apate elimu ya msingi na ya sekondari ifikapo 2030, dunia inahitaji walimu wapya wapatao milioni 44, na milioni 15 kati yao wanahitajika kusini mwa Sahara. Mazungumzo yoyote kuhusu shule ya kesho yanayoruka idadi hiyo yanazungumzia shule za watu wengine.

Kuwazia shule ya kesho kumekuwa, kwa zaidi ya karne moja, kuwazia mashine. Kati ya 1899 na 1910 wachoraji wa Ufaransa walitengeneza kadi zilizoonyesha maisha ya mwaka 2000. Katika kadi moja mwalimu anatumbukiza vitabu ndani ya mashine, kijana anazungusha mpini, na maarifa yanapita kwenye nyaya hadi katika kofia walizovaa wanafunzi. Mwaka 1913 mvumbuzi Thomas Edison alitamka kwamba vitabu vingeondoka shuleni karibuni na sinema ingeshika nafasi yake. Baadaye ikaja redio, kisha televisheni. Côte d'Ivoire ilianza mwaka 1971 kufundisha shule za msingi kwa televisheni, na kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na umeme, runinga ziliendeshwa kwa betri. Mpango huo uliogharimu fedha nyingi ulisitishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katika ndoto hizo zote kosa lilikuwa lilelile: kujifunza kulidhaniwa kuwa ni maarifa kutoka upande mmoja na kufika upande wa pili. Mwalimu aliyewahi kumfundisha mtoto kusoma anajua kwamba safari hiyo ni sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni kutambua mtoto amekwama wapi, na kumfanya atake kujaribu tena.

Picha ya nne, ile ya dunia isiyo na shule, inaonekana mpya kuliko zote, lakini wazo lake lina umri. Ivan Illich alilitetea mwaka 1971 katika kitabu chake kuhusu kuikomboa jamii kutoka shuleni. Alisema shule imewafanya watu waamini kwamba hawawezi kujifunza bila kuandikishwa, akapendekeza mitandao ya kuwaunganisha wanaotaka kujifunza na wanaojua, na hiyo ilikuwa miaka mingi kabla ya intaneti kufika kwa watu. Katika Afrika Mashariki hakuna anayehitaji kushawishiwa kwamba elimu ipo nje ya shule. Seremala, mvuvi, fundi cherehani na mkunga wa jadi walifunzwa kazi kwa kukaa na wanaoijua, na chuo cha Kurani kilikuwepo pwani kabla ya shule ya serikali. Hata hivyo, wahenga waliposema kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, walikuwa wanaonya. Ulimwengu hufundisha, lakini haumsubiri anayechelewa kuelewa.

Picha hiyo ilijaribiwa bila mtu yeyote kuiomba. Machi 2020 shule zilifungwa karibu dunia nzima kwa sababu ya UVIKO-19, na UNESCO ikahesabu wanafunzi zaidi ya bilioni moja na nusu walioathirika. Tanzania ilifungua tena mwishoni mwa Juni mwaka huohuo. Kenya ilirudisha wanafunzi wote Januari 2021, baada ya miezi ambayo masomo yalirushwa kwa redio na televisheni. Uganda ndiyo iliyokaa muda mrefu kuliko nchi zote: ukiacha madarasa yaliyorudi kwa vipindi, shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Kwa karibu miaka miwili kujifunza popote na wakati wowote kulikuwa jambo la lazima. Masomo yalichapishwa na kugawiwa, yakatolewa magazetini, yakasomwa redioni. Mtoto wa Kampala ambaye nyumbani kwao palikuwa na kompyuta, bando na mzazi aliyesoma aliendelea na masomo. Mtoto wa mkulima ambaye kwao redio ilikuwa moja, nayo ikiwa mfukoni mwa baba aliyekwenda shambani, hakuendelea. Wasichana wengi walipata mimba au waliozwa. Walimu wa shule binafsi, ambao mishahara yao ilikatika mara ada zilipokoma, waligeukia kilimo, bodaboda na biashara ndogondogo, na baadhi yao hawakurudi darasani.

Uganda ilionyesha jambo ambalo wachoraji wa picha za mbali hulisahau kwa urahisi. Shule inafanya kazi nyingi zisizoandikwa kwenye ratiba. Inamlisha mtoto pale penye uji wa asubuhi. Inamkinga msichana na ndoa ya mapema kwa kumpa sababu ambayo hata mjomba mkali anaiheshimu: bado anasoma. Inampa mzazi saa za kwenda sokoni. Zaidi ya yote, inamweka mtoto mbele ya mtu mzima ambaye asipomwona kwa wiki nzima ataulizia. Mashine inaweza kubeba somo, lakini haijapatikana mashine ya kubeba kazi hizo nyingine.

Jaribio lililopangwa kwa uangalifu zaidi lilifanyika Tanzania, mkoani Tanga, na linastahili kujulikana kuliko linavyojulikana. Taasisi ya Marekani iitwayo XPRIZE ilitangaza shindano la kutengeneza programu ambayo ingewawezesha watoto kujifunza wenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Timu tano zilifika fainali, kila moja ikapata dola milioni moja, na programu zao zilipaswa kuwa za Kiswahili. Kuanzia mwishoni mwa 2017, kwa miezi 15, watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 hivi walipewa vishikwambi, kwa ushirikiano wa serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Umeme ulitoka kwenye vituo vya kuchajia vya nguvu za jua. Kabla ya kuanza, karibu watoto watatu kati ya wanne walisema hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma neno hata moja la Kiswahili. Baada ya miezi hiyo 15 idadi ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu. Mei 2019 zawadi kuu ya dola milioni kumi iligawanywa kati ya washindi wawili, Kitkit School na onebillion.

Matokeo hayo yanaweza kusomwa kwa namna mbili, na zote ni za kweli. Watoto ambao hawakuwa na chochote walipata kitu, tena kitu chenye thamani kubwa: walianza kusoma kwa lugha wanayoielewa. Mtu anayedharau hilo hajakaa na mtoto wa miaka tisa asiyejua herufi. Lakini baada ya zaidi ya mwaka mzima na vifaa bora vilivyopatikana, watoto wengi walikuwa bado hawajasoma neno la kwanza, na kishikwambi hakikuwa na njia ya kwenda nyumbani kwao kuuliza kulikoni. Zaidi ya hayo, jaribio lililoitwa la kujifunza bila mwalimu halikuendeshwa bila watu wazima. Wapo waliotunza vituo vya kuchajia, waliorekebisha vifaa vilivyoharibika, waliozunguka vijijini na kuwahimiza watoto. Katika kila picha ya shule ya kesho swali la kuanzia ni hilo: mtoto anapokwama, nani anawajibika kwake?

Tangu Novemba 2022, ilipotolewa ChatGPT, picha ya nne imepata nguvu mpya. Mashine inayojibu swali, inayoeleza upya kwa subira na kusahihisha insha ni msaada wa kweli kwa mwanafunzi wa kidato cha nne ambaye shule yake haina mwalimu wa fizikia. Inaweza pia kumpunguzia mwalimu mzigo wa kuandaa maswali na mazoezi. Udhaifu wake mkubwa kwa eneo hili ni lugha. Mashine hizi hujifunza kutokana na maandishi yaliyopo, na maandishi ya Kiswahili ni machache mno yakilinganishwa na ya Kiingereza, ingawa Umoja wa Mataifa huhesabu wazungumzaji wa Kiswahili kuwa zaidi ya milioni 200. Mwanafunzi wa Tanzania hukutana na ukuta huo mara moja anapoingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote yamegeuka kuwa ya Kiingereza. Itakuwa hasara ya wazi ikiwa mashine itamjengea ukuta wa pili. Tanga iliwalazimu watengenezaji wa kigeni kuandika kwa Kiswahili, na sharti hilo moja huenda likadumu kuliko vifaa vyenyewe.

Picha ya pili, ya elimu kutolewa na wengine nje ya serikali, haihitaji kuwaziwa kwa sababu tayari ipo mitaani. Ipo katika tuisheni ya jioni na ya Jumamosi, ambako mwanafunzi hulipia somo ambalo asubuhi alipaswa kulipata bure. Ipo katika shule za ada nafuu za mitaa ya mabanda. Bridge International Academies ilifungua shule yake ya kwanza Nairobi mwaka 2009, kwa mpango ambao mwalimu husoma somo neno kwa neno kutoka kwenye kifaa cha kielektroniki. Nchini Uganda mahakama kuu iliamuru mwaka 2016 shule zake zifungwe kwa kutotimiza masharti ya serikali. Nchini Kenya utafiti uliotolewa mwaka 2022 na mwanauchumi Michael Kremer na wenzake ulikuta wanafunzi wa shule hizo wamejifunza kwa kiasi kikubwa kuliko wenzao wa shule nyingine. Mambo hayo mawili ni lazima yashikwe pamoja. Somo lililoandaliwa vizuri humsaidia mtoto, hata likisomwa na mwalimu asiye na mafunzo ya kutosha. Ila mzazi anayelipa kwa wiki huweza kukosa wiki yoyote, na mtoto akirudishwa nyumbani kwa ada hakuna mwenye wajibu wa kumfuata.

Picha ya tatu ndiyo iliyo karibu zaidi na historia ya Tanzania. Machi 1967 Julius Nyerere alichapisha Elimu ya Kujitegemea. Alikosoa shule iliyomtenga mtoto na kijiji chake na kumwandaa kwa mtihani ambao wengi wasingevuka, akataka shule iwe jumuiya inayofanya kazi na kuzalisha, yenye shamba au karakana. Utekelezaji haukuwa mzuri kila mahali. Katika shule nyingi kujitegemea kulikuja kumaanisha jembe, tena jembe lililotolewa kama adhabu, na shamba la shule likakosa kuwa darasa la kilimo. Pamoja na hayo, sehemu moja ya wazo lile ilifanya kazi kwa kiwango ambacho ripoti za leo hazijakifikia, nayo ni elimu ya watu wazima. Jioni, madarasa ya watoto yalijaa wazazi wao. Kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma na kuandika walipungua kutoka karibu theluthi mbili ya watu wazima mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi asilimia kumi hivi katikati ya miaka ya 1980.

Redio ilikuwa kiungo cha kazi ile. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza nchi nzima. Kiongozi wa kikundi alipewa mafunzo na vitabu. Kipindi kilirushwa na Radio Tanzania, watu wakakisikiliza pamoja, wakasoma sehemu ya kitabu, wakajadili, kisha wakaamua la kufanya kijijini mwao: kuchimba choo, kufyeka majani, kusafisha chanzo cha maji. Tofauti kati ya kampeni hiyo na televisheni ya Côte d'Ivoire haikuwa katika ubora wa chombo, maana redio ilikuwa chombo duni zaidi. Ilikuwa katika kile kilichofuata kipindi kilipokwisha. Palikuwa na kikundi, palikuwa na mtu aliyefunzwa kukiongoza, na palikuwa na kazi ya kufanya kesho yake. Mpango wowote wa kesho, wa redio, wa simu au wa akili mnemba, utapimika vizuri kwa mambo hayo matatu.

Shule inayowapokea wote ina mfano hata katika miaka ya karibuni. Kenya ilipofuta ada za shule za msingi mwaka 2003, milango ilifunguka kwa mamilioni. Mwaka uliofuata Kimani Ng'ang'a Maruge, mzee wa miaka 84, alivaa sare na kujiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Kapkenduiywo, Eldoret. Dunia ilimshangilia kama kioja. Ingefaa zaidi kuuliza kwa nini mzee anayetaka kusoma alilazimika kukaa kwenye dawati la mtoto wa miaka sita.

Imebaki picha ya kwanza, ya shule inayopanuka, na ndiyo inayotekelezwa sasa katika nchi za Afrika Mashariki. Uganda iliondoa ada za msingi mwaka 1997, Tanzania ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2016 elimu ya Tanzania iliondolewa ada hadi kidato cha nne. Idadi iliongezeka haraka kuliko madarasa, na madarasa haraka kuliko walimu. Tathmini za mpango uitwao Uwezo, zilizofanywa nyumbani kwa watoto katika Kenya, Tanzania na Uganda, zilikuta tangu mwanzo kwamba sehemu kubwa ya watoto wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Watoto hao wapo shuleni, wana sare na daftari, ila somo linawapita juu. Shirika la Pratham la India lilionyesha dawa isiyo ya gharama kubwa: kwa sehemu ya siku, watoto wapangwe kwa kiwango wanachokijua badala ya umri, na wafundishwe kuanzia hapo. Dawa hiyo haihitaji umeme. Inahitaji mwalimu mwenye nafasi ya kumsikiliza kila mtoto akisoma, na katika darasa la watoto mia moja nafasi hiyo hakuna.

Kenya iliacha mfumo wa 8-4-4, uliodumu tangu 1985, na kuanza mtaala wa umilisi ambao mtoto hupimwa kwa anachoweza kufanya. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo waliingia Gredi ya 7 Januari 2023. Awali ilikusudiwa wasome katika shule za sekondari, lakini wiki chache kabla ya muhula kuanza iliamuliwa wabaki katika shule za msingi. Kwa miezi mingi walisoma sayansi katika shule zisizo na maabara, huku walimu wa somo husika wakisubiriwa. Mtaala ulikuwa umefika, mahali pa kuutekelezea hapajafika.

Tanzania inaelekea kwenye hatua kama hiyo. Sera ya elimu iliyorekebishwa mwaka 2023 imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari, pamoja na mkondo wa amali kwa wanaotaka kujifunza ufundi, kilimo, michezo au sanaa. Mtaala mpya ulianza Januari 2024. Walioanza nao wakiwa darasa la tatu watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao wa mwisho wa mtaala wa zamani watamaliza darasa la saba. Januari 2028 makundi yote mawili yatatakiwa kuingia kidato cha kwanza kwa pamoja, na mlango wa kuwabakiza nyumbani waliofeli utakuwa umefungwa na sera hiyo. Kwa hesabu hiyo, sekondari za kata zinahitaji karibu madarasa mawili mahali palipokuwa na moja, karakana kwa shule za amali, na walimu wa hisabati, sayansi na ufundi ambao mafunzo yao huchukua miaka miwili hadi minne. Mwalimu wa fizikia atakayesimama mbele ya watoto hao Januari 2028 inabidi awe chuoni sasa.